Taa za Pole Pole Zimefika Mbali

Benchi la kahawa ni langu, birika ni langu, na masikio yanayoumia kila asubuhi ni yangu pia. Wateja wangu wa kudumu ni watatu. Kuna Kinyozi, ambaye kibanda chake kinanipa kivuli. Kuna Fundi Waya, mwenye gereji hapo ng'ambo ya barabara. Na kuna Pole Pole, dereva mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hata kikombe anakinyanyua kwa gia ya kwanza. Mpaka juzi vioo vya taa za mbele za gari lake la zamani vilikuwa vya njano, vimejaa ukungu, na mkewe alishakataa kupanda. Mkewe ni nesi, anaingia kazini kabla hakujapambazuka, na wiki tatu nzima alikuwa akiomba lifti kwa jirani. Alimwambia mumewe wazi: "Gari likipata macho, nitarudi." Jana wanaume wangu wakaziinamia zile taa mchana kutwa. Leo asubuhi Pole Pole akaja benchini mbio. Mbio, nasema! Sijawahi kuyaona hayo.

Pole Pole: Shangazi, mimina! Mimina kwa wote!

Kinyozi: Amepanda?

Pole Pole: Amepanda! Kiti cha mbele, palepale pake. Miaka kumi na nane namwendesha yule mwanamke, leo nimemfungulia mlango kama ndiyo kwanza namtongoza.

Fundi Waya: Nilikwambia mimi! Msasa wa maji, unaanza na mkali, unakuja laini, halafu laini kabisa, huku unamwagia maji. Uliona ule uchafu ulivyotoka mweupe kama maziwa?

Kinyozi: Uchafu umetolewa na dawa yangu ya meno.

Fundi Waya: Dawa yako imeleta harufu tu. Gari zima linanuka mdomo.

Kinyozi: Wewe hujui. Taa ni kidevu. Ukishakwangua lazima upake kitu, la sivyo kinaota vipele. Nani alisema ipakwe vanishi ya kuzuia jua? Si mimi?

Fundi Waya: Ulisema ipakwe mafuta ya nywele!

Hapo nilimuunga mkono Fundi, maana nilisikia kwa masikio yangu, na kopo la mafuta lenyewe nililiona.

Fundi Waya: Halafu tusisahau balbu. Zile za zamani zilikuwa zinatoa mwanga wa mshumaa. Nimeweka nyeupe, kali, za kisasa.

Mimi: Si zilikuwa za gari jingine?

Fundi Waya: Zilikataa kukaa, Shangazi, nikazibembeleza kwa tupa. Umeme ni umeme.

Kinyozi: Na nani aliyesema taa zinyanyuliwe? Mtu anayetazama chini ataona nini zaidi ya viatu vyake?

Fundi Waya: Hapo nakupa haki yako. Ile skrubu ya kulengea taa nimeizungusha mara tatu. Mara tatu!

Pole Pole: Ndugu zangu, nimeona mambo leo. Nimetoka nyumbani, kibao cha shule nakisoma kutoka kona ya kwanza. Mpaka namba ya simu ya mwalimu mkuu!

Kinyozi: Eeeh!

Pole Pole: Nikashuka kule kwenye kiteremko, tangi la maji juu ya paa la zahanati linawaka kama mchana. Mbele kidogo, kwenye nguzo ya umeme, juu kabisa, kuna kiota. Ndege ameamka, ananitazama!

Fundi Waya: Hiyo ni kazi ya mikono hii! Leteni gari lolote. Leteni trekta!

Kinyozi: Kumbe ni wewe, Pole Pole! Mimi nimeamshwa na mwanga dirishani, nikajua kumekucha. Nimeoga, nimevaa, nimefungua kibanda, nikakaa saa nzima sioni mteja.

Fundi Waya: Ndege zikikosa uwanja zitatua barabara hii hii.

Kinyozi: Ndege jambo dogo. Mwanga wa namna hiyo unaua vijidudu. Hospitali wakizima taa zao, Pole Pole aegeshe dirishani, daktari apasue watu bila wasiwasi.

Pole Pole: Na heshima je? Malori yenyewe yananiwashia taa fulu, pa! pa! Yananisalimia. Madereva wanapiga honi mpaka raha.

Tulicheka, hata mimi nilicheka mpaka kahawa ikamwagika. Furaha ya mtu mzima inaambukiza, na Pole Pole alikuwa amepungua miaka ishirini.

Mimi: Na mwenyewe mama amesemaje?

Pole Pole: Hajasema neno. Njia nzima kimya, ameshika kishikio cha mlango kwa mikono miwili.

Kinyozi: Furaha imemzidi.

Pole Pole: Tulipofika getini kwake kazini ndiyo akasema, "Saa moja jioni natoka. Tutaona." Tutaona! Ananisubiri, Shangazi!

Hapo akaja mtu akisukuma baiskeli. Tairi la mbele limepinda, linakwaruza. Suruali ina tope mpaka kiunoni, na kwenye kreti ya nyuma mikate imelowa. Hatukuwa tunamjua.

Mgeni: Habari za hapa.

Mimi: Njema, kaka. Pole. Karibu kahawa.

Mgeni: Asante, dada. Naulizia gari. Dogo, la zamani, taa nyeupe sana. Tumepishana alfajiri pale kwenye kidaraja. Limenipiga machoni, ukingo sikuuona tena. Nimejikuta mtaroni.

Kinyozi: Taa nyeupe siku hizi ni nyingi, ndugu yangu.

Pole Pole aliweka kikombe chini.

Pole Pole: Ni langu.

Nilidhani patachimbika. Yule mtu alimtazama tu, akafuta tope kwenye kiwiko kilichochubuka.

Mgeni: Sikuja kugombana, mzee wangu. Nataka kujua kitu kimoja. Wewe uliniona?

Pole Pole akalitazama lile tairi lililopinda, akatikisa kichwa. Fundi Waya alikuwa anakagua kucha zake. Kinyozi, mtu mwenye jibu la kila swali chini ya jua, akajifanya anasikiliza redio ya kibandani kwake, na redio ilikuwa imezimwa. Mimi niliona aibu ya kicheko changu. Nikamshikisha yule mtu kikombe, nikampisha akae.

 Kisha Pole Pole akasimama, akatoa funguo mfukoni.

Pole Pole: Fundi, mke wangu anatoka saa moja. Liingize gari gerejini, kule ndani kwenye giza. Zile balbu zitoe, uweke za zamani, na hiyo skrubu uirudishe.

Fundi Waya: Niirudishe mpaka wapi?

Pole Pole: Sijui. Huyu bwana akimaliza kahawa yake atasimama mbele ya gari, taa zinawaka. Yeye ndiye atakayesema basi.