Utafiti Ulioishia Kabatini

Ndani ya basi la Napoli, Bi Immacolata alipakata boksi la sufuria alilolifuata mwenyewe kwenye kabati la vifurushi la mtaani, ambamo mizigo huachwa wenyewe waichukue, vituo sita kutoka nyumbani kwake. Ruggero, mtafiti aliyeketi kando yake, alimweleza kwa fahari kuwa makabati hayo yamepunguza moshi wa magari ya mizigo, kwani hayazunguki tena nyumba kwa nyumba.

"Zamani nilishusha kikapu kwa kamba kutoka roshani, mleta mzigo akatia, nikavuta," bibi alisema. "Sasa napanda nao ghorofa tano kwa goti hili bovu. Yaani moshi umepungua kwa kuwa punda ni mimi. Hilo mmelipima?"

"Bibi, utafiti wetu unaishia kabatini."

"Basi hujamaliza kazi, mwanangu."

Basi liliposimama kituoni kwake, bibi alimbwagia boksi mapajani, akashuka mikono mitupu.

"Nifuate," alisema, "ukapime mpaka mlangoni."