Karani Aliyesimama Mwisho wa Foleni

Baada ya miaka ishirini na saba katika ofisi yetu ya uchaguzi, karani mwongozaji wa wapiga kura anastaafu leo, tarehe 30 Juni. Hapa tunamwita Mkia. Saa ya kufunga kituo ikifika, ni yeye aliyekwenda kusimama nyuma ya mpiga kura wa mwisho. Waliokuwa mbele yake walipiga kura, na waliofika baadaye walirudi nyumbani.

Kazi hiyo ni nyepesi kwa asiyewahi kutukanwa na watu waliochelewa. Mkia alitukanwa akacheka. Aliwahi kumbembeleza fundi viatu aliyekuja mbio na kiatu cha mteja mkononi, mpaka fundi akatulia na kuondoka ameahidi kumshonea soli bure. Alijua kuwapitisha wazee na wajawazito mbele bila foleni kununa. Sisi wa ndani, mimi na chupa yangu ya wino, tulifanya kazi kwa raha, kwa sababu vurugu zote ziliishia kwake mlangoni. Siku moja alisinzia akiwa wima. Tulimwacha, maana foleni ilikuwa inakwenda vizuri.

Lakini nikiandika vichekesho tu nitakuwa nimemwandika nusu, na mwenyewe ameniomba nisifiche.

Uchaguzi mmoja watoto wake waliugua surua. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alishinda nao nyumbani ili yeye awepo kituoni. Mkewe, ambaye ni nesi, alichelewa kutoka zamu. Dada alipopata nafasi ya kuja kupiga kura, Mkia alikuwa ameshasimama mahali pake, na mawakala wa vyama walikuwa wamemkazia macho. Nilikuwa karibu na dirisha, nikasikia.

"Mama, muda umekwisha," alimwambia. "Kituo kimefungwa."

Kumzuia ilikuwa sawa, na dada hakubisha. Ila alimwita mama, kama mtu asiyemjua, kwa kuogopa kuambiwa anapendelea ndugu. Dada alimtazama kidogo, akaweka mtandio wake vizuri.

"Sawa, bwana karani," akasema, akarudi kwa wale watoto.

Tangu siku hiyo hajamwita vinginevyo. Hajamnunia hata kidogo. Humpakulia chakula, akiugua humkorogea uji, huwafuatilia watoto wake masomo. Lakini ni karibu bwana karani, kula bwana karani. Wageni hucheka wakidhani ni utani wa ndugu, na Mkia hucheka nao. Ameomba radhi mara nyingi, na kila mara huambiwa hakuna kosa, kazi ni kazi. Jambo hilo limemuuma kuliko matusi yote ya foleni, na mimi niliyeliona kwa macho yangu linaniuma pia.

Wiki iliyopita alikwenda kumwalika kwenye hafla hii. Alimweleza kwamba anastaafu na kwamba fulana ya kazi ameshairudisha stoo. Dada alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.

"Sasa nitakuita nani?" akauliza.

Mkia aliinuka, akaaga. Alirudi ofisini, akakaa kwenye benchi la nje mpaka tulipofunga. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia amwite mdogo wake, kama zamani. Alinijibu kwamba hilo si jina la mtu kujipa mwenyewe.

Kaka yetu, ofisi inakushukuru kwa kila foleni uliyoifikisha mwisho kwa amani, na kwa kutuchekesha siku ambazo hakuna aliyekuwa na hamu ya kucheka. Tunakutakia afya njema na siku za utulivu. Dada yako amekataa kuja. Amesema sherehe za ofisi ni za watu wa ofisi. Kuanzia kesho wewe si mtu wa ofisi tena. Nenda kwake asubuhi, kaeni mchambue mchele pamoja, hata kama siku nzima itapita bila yeye kukuita chochote.