Kichwa Kimoja kwa Yadi Zote

Siku ile kwenye benchi la geti la yadi tulikuwepo mimi muuza kahawa, mwanangu mgongoni, Ngurumo dereva wa treni, Pancha fundi wa reli, na Bibi Tiketi, aliyeuza tiketi mpaka sauti ikakauka. Zamani kila kampuni ya reli mjini hapa ilikuwa na yadi yake na kichwa chake cha treni cha kupangia mabehewa. Behewa la kuvuka mji lilirushwa yadi hii hadi ile mpaka nyanya zinaoza. Sasa wameungana: yadi moja, kichwa kimoja cha kuwapangia wote. Dereva aliyepewa kichwa hicho ni Kobe. Ngurumo alikitaka mpaka usingizi ukamkimbia.

— Kobe! Mimi namaliza kupanga treni nzima, yeye bado anapiga honi!

— Haraka haraka haina baraka, akasema Pancha, ambaye methali zake hazikai mahali pake. Ndiyo maana ulistahili wewe.

— Bosi ni shemeji yake, nawaambia.

— Bosi hana dada, mwanangu, akasema Bibi Tiketi.

— Basi atakuwa ameazima!

Tukacheka. Ngurumo hakucheka, ila jua lilipomfikia mwanangu usoni, alivua kofia akamkinga, huku akiendelea kutukana.

— Mimi nimeona reli zinang'aa, Pancha akanong'ona. Kobe kazipaka dawa ya mganga.

— Reli hung'aa kwa kupitiwa na treni, we Pancha!

— Bibi, mficha uchi hazai. Dawa ile!

— Mimi nasikia kichwa kipya kinajiendesha chenyewe, nikachokoza. Walitaka sanamu la kukaa dirishani.

— Hapo sawa! akadakia Ngurumo. Kwa usanamu, Kobe kanishinda.

Ndipo akaja mtu tusiyemzoea kijiweni, mikono imejaa grisi. Ni mfungaji, yule anayeingia katikati ya mabehewa kuyaunganisha. Nikammiminia kahawa.

— Sisi wafungaji tuliulizwa tunamtaka nani, akasema.

Ngurumo akasimama.

— Mkamtaja Kobe?

— Tulimtaja. Yeye hasogezi kichwa mpaka niende dirishani anione uso. Wewe kaka, nikiwa kule katikati, unajuaje kwamba nimeshatoka?

Ngurumo akaketi tena, akamsogezea mfungaji nafasi kwenye benchi.

Kobe alianza kazi Jumatatu. Mwezi uliofuata Ngurumo aliomba kuwa msaidizi wake, akakubaliwa.