Sikuja, Sikuweza Kuja

Benchi la Kiraka, fundi viatu, lina miguu mitatu ya mbao na wa nne ni tofali. Tangu asubuhi hakikuwa kimeshonwa hata kiatu kimoja. Jioni mkwewe Mturuki alikuwa anashuka uwanja wa ndege na mjukuu ambaye Kiraka hajawahi kumpakata. Mama yake mtoto, binti pekee wa Kiraka, alizikwa huko huko Uturuki mwaka jana. Kiraka hakwenda harusini, wala mazikoni. Sasa alitaka sentensi moja tu ya Kituruki, na mwalimu alikuwa Dishi, anayenasa kila kitu hewani, hata tamthilia za Kituruki.

— Sema *gelmedim*. Sikuja.

— *Gelmedim*.

— Sasa chomeka *e* hapo kati: *gelemedim*. Sikuweza kuja.

— Haka ka-*e* tu?

— Haka haka, mzee. Kanakutoa jela.

Mama Birika, muuza chai, akamsogezea Kiraka kikombe kisicho na ufa, kama kila siku.

— Lakini uliweza, kaka, alisema taratibu. Tiketi si alikuletea mkweo?

Kiraka akabandua gundi kidoleni.

— Basi *gelmedim*.

— Mturuki hana pupa, kinyozi akadakia kutoka mlangoni kwake. Kitenzi anakiweka mwisho kabisa. Wahenga walisema, mwisho wa ubaya aibu!

— Inahusiana vipi? Dishi akauliza.

— Si mwisho huo!

— Ndiyo maana ndoa zao hazivunjiki, Dishi akasema. Mpaka mume afike kwenye kitenzi, hasira za mke zimeshapoa.

— Wewe mkeo alipoondoka, ulikuwa umefika kitenzi gani? kinyozi akamuuliza.

Benchi zima likacheka, isipokuwa Kiraka.

— "Baba asiyekuja" wanasemaje?

Dishi akashusha sauti.

— *Gelmeyen baba*. Mzizi ni ule ule, umebadilishiwa mkia tu. Kitendo kinakuwa sifa ya mtu.

— *Gelmeyen baba*, Kiraka akarudia. Hilo halikumtatiza ulimi.

Akaja mama kijana, mtoto mgongoni, ndara imekatika mkanda. Kiraka akampisha akae, akaanza kushona. Mama yule akasikiliza kidogo, kisha akauliza:

— Samahani, baba. Kwani mkweo hajui Kiswahili hata kidogo?

Sindano ikasimama. Kinyozi akarudi ndani. Dishi akachungulia kikombe chake.

Mama Birika alikumbuka simu iliyokuwa ikilia kila Ijumaa hapo hapo benchini, na sauti ya kigeni ikijikongoja: "Shikamoo, baba. Najifunza. Utanisahihisha?" Kiraka alikuwa akiilaza kifudifudi kati ya soli, ikiendelea kusema peke yake.

Mama Birika akainamisha birika. Likatoka tone la machicha ya chai.

— Imekwisha, akasema.

Kiraka akamvisha yule mama ndara yake, akavua aproni, akashika njia ya uwanja wa ndege ingawa saa ya ndege ilikuwa bado. Alipompita Mama Birika midomo yake ilikuwa inacheza. Mama akatega sikio, akidhani ni Kituruki.

— Marahaba, Kiraka alikuwa anasema. Marahaba, mwanangu. Marahaba.