Vikaratasi Alivyovifumbia Macho Wilfred Garside

Mchungaji, ndugu, majirani, nanyi wa nyumba ya kamusi mliokaa nyuma kama kawaida yenu, mimi ni Clement Pargeter, kaka yake Enid, mjane, na familia imenituma niwasomee maisha ya shemeji yangu, Wilfred Garside, ambaye angekuwepo angenisahihisha kabla sijaimaliza sentensi hii.

Wilfred alizaliwa tarehe 9 Machi 1919 huko Hebden Bridge, mtoto wa pekee wa fundi wa kiwanda cha pamba, akasoma hapo hapo, kisha sekondari ya Halifax, alikochapwa kwa kumbishia mwalimu kwamba neno halizaliwi na kabila, liwe nomino au kitenzi, bali hupewa kazi na maneno jirani zake. Vita vilipokwisha alirudi kutoka kikosi cha mawasiliano, na mwaka 1947 akaajiriwa na nyumba ya kamusi, wachapishaji wa hapa Lancaster, akidhani ni kibarua cha muda. Tarehe 17 Juni 1950 alimwoa Enid katika kanisa hili hili, wakajaliwa binti, Rosalind, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1953, ambaye tunaye hapa leo.

Kwa msioijua desturi yao, anayelifungua neno, yaani kuanza kulipangia maana, ndiye hulifunga, kwa sababu kila mmoja huyagawa marundo ya vikaratasi vya mifano kwa jicho lake, na siku neno linapofungwa mkewe huoka keki ikaliwa na ofisi nzima. Enid alioka keki nyingi, mpaka mwaka 1970 Wilfred alipopewa neno round, neno fupi ambalo sisi Waingereza tunalituma kila mahali kama mtumishi asiye na mkataba, likiwa nomino bondia anapoingia duru ya tatu au mtu anapowanunulia wenzake bia kwa zamu yake, kitenzi gari linapokata kona, kivumishi meza inapokuwa ya mviringo, na bado halijachoka. Marundo ya vikaratasi, kila kimoja na sentensi yake, yakahamia kwenye meza yao ya chakula, nao wakahamia kula jikoni, sahani mapajani. Enid alilitania neno hilo kuwa ni mke mwenza, akiongeza kwamba mke mwenza wa kweli angalau angeosha vyombo.

Tarehe 11 Agosti mwaka huu, 1981, Wilfred alipatwa na kiharusi, ulimi ukafa pamoja na upande wa kulia, na hospitali ikamruhusu kurudi nyumbani kwa sharti la kitanda maalumu, ambacho watu wa halmashauri walikataa kukipandisha ghorofani kwa kuwa fomu yao ilisema chini. Wakaiondoa meza, na kwa nia njema kabisa wakayakusanya marundo ya miaka kumi na moja ndani ya masanduku mawili ya tufaha, vikaratasi vikubwa chini, vidogo juu, mmoja akamwambia dada yangu, "Tumekupangia vizuri, mama, sasa panapendeza." Wilfred alipoingizwa akayaona masanduku yale, alitoa sauti ambayo sitaielezea kanisani.

Herufi R ilikuwa iende mtamboni mwisho wa mwaka, na neno lisilofungwa lingechapwa kama lilivyokuwa kwenye chapa ya zamani, kana kwamba yeye hakuwahi kuligusa. Basi wakaanza upya, Enid akisoma kila kikaratasi kando ya kitanda, Wilfred akiinua kidole kimoja kwa nomino, viwili kwa kitenzi, vitatu kwa kivumishi, na alipokuwa hana hakika alifumba macho, kikawekwa pembeni. Alisukuma vijiko vya uji kwa kuwa vinapoteza asubuhi, akalia kila usingizi ulipomshinda, na mkono ule mmoja ukazidi kuwa mzito. Siku moja Enid alimsihi, "Wil, lala kidogo, neno halikimbii," naye akainua vidole viwili, na mpaka leo hatujui kama alimaanisha kitenzi, au alimaanisha vile wanavyomaanisha wenye magari wanapotukanana barabarani.

Tarehe 14 Novemba asubuhi masanduku yalikuwa matupu, wakavirudia vile alivyovifumbia macho, Enid akasoma cha kwanza, na Wilfred akafumba macho, hayakufumbuka tena. Enid aliimalizia sentensi hata hivyo.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi waliokuja nyumbani, majirani mliotuletea makaa na supu, na wenzake wa ofisini mliomwandikia. Mhariri mkuu, Bwana Thwaite, alikuja kwa heshima zote kuviomba vikaratasi, vilivyo mali ya nyumba ya kamusi, naye amekabidhiwa marundo yaliyotengwa, ila vile vya pembeni, alivyovifumbia macho, Enid amevitia katika koti alilovikwa marehemu, akisema, "Hakuna atakayemwamulia." Bwana Thwaite, naona unatazama dari, lakini jeneza limeshafungwa.

Tukitoka makaburini mnakaribishwa nyumbani kwa chai, mezani, penye nafasi sasa, na mtuwie radhi kwa biskuti za dukani, kwani neno halijafungwa na Enid amekataa kuoka.

Wilfred, vile vilivyobaki vipo mfuko wa kushoto, upande wa mkono wako mzima. Amani iwe nawe, shemeji, pumzika, mtambo hauko huko.