Vigoda Vilivyopinda vya Mwalimu Randa

Ndugu waombolezaji, asubuhi hii mwalimu mkuu amenivuta pembeni akanisihi niruke habari za karakana, nami nikamjibu kwamba mimi ni fundi baiskeli, darasani sikukaa sana, lakini nikipewa karatasi ya kusoma naisoma yote.

Kaka yangu, ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Randa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, akamaliza chuo cha ualimu mwaka 1974, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha kazi za mikono katika karakana ya shule yetu hii, ambako kila mtoto alitengeneza kigoda, akakikalia mwenyewe kwanza, ndipo akampelekea mama yake.

Alifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1978, wakajaliwa binti mmoja, ambaye yuko mbali na ameshindwa kufika, na shemeji alitutoka mwaka 1993.

Mwaka 2007 yalifanyika maonyesho ya shule, walimu wa kwingine wakawamalizia watoto kazi zao, zikang'aa kama za dukani, mwalimu mkuu huyuhuyu akamtaka kaka naye avinyooshe vigoda vya wanafunzi wake, naye akamwambia, "Nikigusa mimi, mtoto atampelekea mama yake uongo."

Vigoda vikaenda na upogo wake, shule ikashika mkia, karakana ikafungwa, na kwenye mkutano wa wazazi ikatangazwa kwamba kaka hajui kufundisha.

Tangu hapo aliishi peke yake katika chumba nyuma ya duka la fundi cherehani, chenye viti viwili, cha pili cha kuwekea kofia, akawa ananunua ubao, anauranda mpaka unaisha, hatengenezi kitu, na nilipomkaripia kwamba anaharibu mbao, alisema anapenda tu kuisikia ile sauti, nikaondoka nimenuna.

Alianza kuugua mapafu Januari 2014, akalazwa mwezi Mei, akafariki tarehe 3 Juni alfajiri, mimi nikiwa nimetoka kutafuta chai.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi aliyekuwa naye dakika ile, majirani, fundi cherehani aliyemfulia, na walimu wenzake waliokuja kumwona, ambao ni wawili, nawashukuru wote wawili.

Pumzika sasa, kaka, hakuna wa kukukaripia tena.

Mwalimu mkuu, wazazi wa mkutano ule wamo humu. Simama uwaambie kwamba kaka yangu alijua kufundisha.