Mwanabaraka, Aliyeitwa Mwizi wa Viatu Vyake

Wasikilizaji wapendwa, acheni kidogo shughuli zenu. Jioni hii tunamkumbuka Bi Mwanabaraka Kamaludin, mshonaji wa makubadhi wa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Tulimzika Ijumaa. Sitawaficha, namkumbuka kwa hasira, maana na yeye amekufa nayo, na ilikuwa hasira ya haki.

Kushona viatu vya ngozi alifunzwa na babake, wakati wengi wakisema hiyo si kazi ya mwanamke. Kisha akabuni kiatu chake mwenyewe: ukanda mwekundu, na juu yake maua ya asumini ya uzi mweupe, mafundo yote yamefichwa ndani. Wageni waliotoka Ngome ya Yesu walipenya vichochoro kumtafuta. Akausajili muundo ule hapa Kenya, kwa jina lake. Shikeni hilo. Aliusajili hapa, kwa jina lake.

Akaja mnunuzi kutoka Ulaya, mpole, mwenye adabu. Akakirimiwa kahawa na kaimati. Akaomba kupiga picha mikono ikishona, akaruhusiwa. Akachukua jozi kadhaa, akaenda zake.

Baadaye Bi Mwanabaraka alialikwa kwenye maonyesho katika nchi ileile. Akasafiri na bintiye, Fadhiya. Maafisa wa forodha wa huko wakafungua sanduku, wakavizuia viatu. Muundo huu, walisema, umesajiliwa na kampuni ya hapa. Vyako ni bandia.

Kampuni yenyewe ilikuwa ya yule mnywa kahawa.

Bi Mwanabaraka hakurudi nyumbani. Alikwenda ukumbini, akaketi mbele ya meza tupu, akanyoosha miguu wapitao waone. Vile vya miguuni hakuna aliyevizuia. Fadhiya anasimulia: "Msimamizi alikuja akamtaka avibadilishe. Mama akanambia, 'Mfasirie, mwanangu. Mwambie akivitaka, apige magoti anivue.'"

Hakuna aliyepiga magoti.

Aliporudi Mombasa alikwenda Kizingo kwa wakili, Bi Mirriam Charo. Huko ndiko alikofahamishwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia: usajili wa Kenya unalinda Kenya. Ukivuka mpaka, haki huombwa upya, nchi kwa nchi, na kuna muda wa kuomba. Wake ulikuwa umepita. Lakini wakili aliona upenyo. Kampuni ilidai muundo ni mpya, nao ulikuwa umekwishatangazwa hapa kabla yao. Wakaupinga usajili wa kampuni kule.

Ikachukua miaka. Macho yake yakafifia, moyo ukaanza kumsumbua, naye akawa akiulizwa sokoni kama bado anapigana na Wazungu. Alijibu kwamba ndiyo.

Mwezi uliopita uamuzi ukatoka. Usajili wa kampuni umefutwa. Majirani wakajaa barazani kumpongeza. Bi Mirriam akangoja watulie, kisha akamweleza yaliyobaki. Kampuni haiwezi tena kumzuia. Lakini kule, muundo sasa hauna mwenyewe. Wanaweza kuendelea kuushona.

Bi Mwanabaraka akauliza: "Kwa hivyo mimi si mwizi?"

"Hapana, Bi. Si mwizi."

"Na wao?"

 Swali hilo, anasema wakili, analo hadi leo.

Kwako Fadhiya, kwa jamaa wote na mafundi wa Mji wa Kale, poleni sana. Mola ampe mama yetu mapumziko mema na awape nyinyi subira.

Nanyi wasikilizaji, mchongaji, mfumaji, mtia nakshi: kabla hujamwonyesha mgeni kazi yako, uliza ni katika nchi zipi utailinda. Nanyi wakubwa mnaowahimiza mafundi wauze nje, waambieni ukweli huu kabla hawajafunga sanduku. Asiachwe mtu aujue mbele ya afisa wa forodha.

Tukiona kazi za pwani yetu zikiuzwa ughaibuni, hufurahi tukasema tumefika mbali. Tujiulize kwanza, aliyefika ni nani.